Marahaba Thalathini na Saba

Ndani ya boti ya kutoka Pemba, Bi Tahiya, asiyeona, alikuwa akimlalamikia kijana aliyekaa ubavuni pake. Harusi ya mjukuu wake mjini ilikuwa imempita, kwa sababu tovuti ya tiketi ilimshinda. "Simu yangu hunisomea kilichopo. Nikigusa hapa, shikamoo. Nikigusa pale, shikamoo. Nshaitikia marahaba thalathini na saba, kitufe cha kununua sijakipata! Leo nimekata tiketi dirishani, nnakwenda kula kiporo."

Kijana akajikohoza. "Bibi, tovuti hiyo nimeitengeneza mimi, Suhail. Bosi alitaka kila picha iwe na maneno ya kuwasomea wasioona, tena ya heshima."

"Na kitufe cha kununua?"

"Nacho ni picha, bibi."

"Si ungeandika 'nunua'!"

"Nimwamrishe mtu mzima?" Suhail alishtuka kikwelikweli. Mimi niliyekaa nyuma yao nikaona huyu kalelewa vizuri mno kwa kazi hii.

"Afadhali ungenitukana, mwanangu, mahali tafauti tusi tafauti. Ningejua niko wapi."

Boti ikafunga gati Malindi, pale mjini. Baharia akaja kumshika mkono ateremke. "Shikamoo, bibi."

Bi Tahiya akamgeukia. "Na wewe," akauliza, "kitufe gani?"