Loris Bressanin: Mechi Mia Mbili Tisini na Tisa

Tarehe 31 Machi 2026, baada ya miaka kumi na moja na miezi sita ya utumishi, Bwana Loris Bressanin, kiungo mkabaji na nahodha wa Klabu ya Barasti, Al Jaddaf, Dubai, alirudisha ufunguo wa kabati namba nane na kustaafu soka akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Kabati lilikuwa safi. Ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu, unaosomwa na walinzi, wapishi, watu wa dobi na watunza nyasi, umeombwa umuage. Kazi hiyo amepewa mtunza vifaa, Azzam, baada ya wengine wote kusema wana shughuli.

Bwana Loris alizaliwa Rovigo, kaskazini mwa Italia, mji ambao kwa maelezo yake una ukungu na baiskeli. Alicheza miaka tisa katika daraja la tatu la nchi hiyo, kwenye klabu nne. Mbili kati yake zilishuka daraja, jambo ambalo anasisitiza kwamba halikuwa kosa lake peke yake. Septemba 2014 alitua Dubai kwa mkataba wa mwaka mmoja, akiwa na begi moja na koti la baridi. Koti bado lipo stoo, limefunika mashine ya kuchorea mistari ya uwanja.

Katika utumishi wake alifunga magoli manne, mawili kati ya hayo katika goli letu wenyewe. Pasi zake zilikuwa fupi na nyingi zilirudi nyuma. Mashabiki walimzomea miaka miwili ya mwanzo, wakamzoea miaka miwili iliyofuata, kisha wakaanza kuwaeleza wageni kwamba huyu bwana haeleweki kwa mechi moja. Makocha tisa walikuja na kuondoka, kila mmoja akiwa na mpango wa kumweka benchi. Alikaa benchi mara sita.

Kiswahili alijifunzia stoo, maana huko ndiko kuna birika la chai. Alikiokota kwa kila aliyepita, kwa hiyo humwamkia Azzam "Shikamoo, Ami" kwa adabu zote za Unguja, akageuka na kumwuliza mlinzi wa Kenya "Niaje?" kana kwamba wamekulia mtaa mmoja. Amri zote za uwanjani alizitoa kwa Kiarabu cha Ghuba, ambacho kwake kina maneno matatu: yalla ya kuharakisha, khalas ya kumaliza na mushkila ya matatizo.

Jambo moja lilimtofautisha na wachezaji wengine wote tuliowahi kuwafulia. Hakuwa anajiangusha. Akipigwa kiatu alisimama, akisukumwa alisimama, na mwaka 2019 alivunjika kidole cha mguu akatoka nje kwa kutembea. Joweria wa dobi, ambaye kwao ni Masaka, anasema jezi namba nane ndiyo pekee asiyowahi kuisugua majani mgongoni. Waamuzi walilijua hilo. Yeye akienda chini, walijua kuna mfupa.

Mwaka huu alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, mechi ya mia tatu. Alikuwa amepiga hesabu na mtunza vifaa mwezi wa kwanza, wakaona kwamba asipokosa hata moja, ya mia tatu itaangukia Ijumaa ya tarehe 27 Machi, siku nne kabla ya mkataba kwisha. Mama yake, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, ambaye alikuwa hajapanda ndege maisha yake yote, alikata tiketi. Bwana Loris hakuwa mtu wa kutaka makubwa. Hili alilitaka, na hakulificha.

Sasa tufike kwenye ile Alhamisi ya kumi la mwisho la Ramadhani, mechi yake ya mia mbili tisini na tisa. Kwa kawaida mwezi huo tunacheza baada ya futari, lakini taa za uwanja zilikuwa zimeharibika, hivyo mechi ikaanza saa kumi na moja jioni. Maana yake ni kwamba magharibi ingetukuta katikati ya kipindi cha pili. Wachezaji wetu saba walikuwa wamefunga. Mwamuzi alitangaza mapema kwamba hatasimamisha mchezo, kwa kuwa giza linakuja. Anayetaka kufuturu afuturu mpira ukitoka. Siku hiyo mpira haukuwa unatoka.

Wakati wa mapumziko Bwana Loris aliwaambia wenzake, "Nitaanguka mimi, mchezo usimame mfuturu. Nyinyi mna swaumu, mimi nimekula makaroni." Hoja yake ilikuwa nzuri. Mwingine yeyote akianguka mwamuzi angecheka, yeye akianguka wangeitwa madaktari. Herbert, daktari wetu wa timu kutoka Uganda, alimkumbusha kwamba ana kadi za njano za kutosha, na ikiongezeka moja anakosa mechi inayofuata, ambayo ndiyo ile ya mama. Bwana Loris akasema anajua.

Kazi ya kutoa ishara ilikuwa ya mtunza vifaa. Ni utaratibu wetu wa miaka mingi: Azzam anasimama pembeni na sinia la tende na maji, simu ikiadhini anainua taulo jeupe. Hatutegemei msikiti wa jirani, kwa sababu mashine za ujenzi wa majengo mapya hutuzibia sauti yake.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano simu iliadhini. Taulo likainuliwa. Bwana Loris, akiwa peke yake katikati ya uwanja na hakuna mpinzani ndani ya hatua tano, akaanguka. Alianguka vibaya, kama mtu anayelala kitandani kwake. Wenzake saba wakakimbilia sinia. Zayd, beki wetu wa kushoto, alikuwa ameshaipeleka tende mdomoni, akasita.

"Ami, mbona mashine zimezimwa na msikiti uko kimya?"

Azzam akatazama simu. Usiku uliopita alikuwa amefuturu kwa dada yake Ashwaq, Fujairah, ambako jua hutangulia kuzama kwa dakika chache, na simu ilikuwa haijaambiwa kwamba mwenyewe amesharudi Dubai. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Wachezaji saba wakasimama na tende mkononi, na katikati ya uwanja Bwana Loris, akidhani kazi imekwisha, alikuwa ameanza kuinuka.

Azzam akapiga kelele kwa Kiswahili, akitumaini mwamuzi hatoelewa, "Bwana Loris, bado! Lala! Lala tena!"

Akalala tena.

Mwamuzi hakuhitaji mkalimani. Mtu aliyekuwa anainuka amelala upya kwa kuamriwa na mtunza vifaa. Akatoa kadi ya njano, na alikuwa na haki. Hapo Bwana Loris angeweza kuamka, kwa kuwa alichokuwa anakiogopa kilikwisha kumpata. Hakuamka. Herbert alimmwagia maji goti la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Dakika ya nne adhana ya Al Jaddaf ikasikika, safari hii ya kweli, watu saba wakafuturu, naye akanyanyuka, akajipangusa, akaomba mpira. Tulitoka sare, bao moja kwa moja.

Joweria aliisugua ile jezi majani mgongoni, kwa mara ya kwanza.

Mtunza vifaa hakulala vizuri siku tatu. Herbert alijitolea kuandika cheti kwamba goti lilikuwa limeumia kweli, ili kadi ifutwe. Cheti kilikuwa tayari, kilichobaki ni saini ya mchezaji. Bwana Loris alikuja stoo, akanywa chai, akakisoma, akakirudisha mezani. "Nimedanganya mara moja kwa ajili ya watu saba, Ami. Kwa ajili yangu, khalas, siwezi." Azzam alimwomba. Azzam, kwa kweli, alimlilia. Hakusaini.

Ijumaa ya tarehe 27 alikaa jukwaani amevaa shati, mama yake ubavuni, mtunza vifaa upande wa pili kwa mwaliko wa mama mwenyewe. Filimbi ilipopulizwa, Zayd alianguka. Hakuguswa. Kisha akaanguka wa pili, na wa tatu, mpaka wote saba wakawa wamelala chali, kila mmoja ameshika goti lake la kulia. Wapinzani waliukanyaga mpira wakasubiri. Mama akauliza kama watoto wa watu wamepata sumu.

Bwana Loris alisimama mwekundu usoni, akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani: "Amkeni! Yalla, amkeni! Mnanitia aibu!" Wakaamka mara moja, maana hata akiwa na shati la kufungwa vifungo alikuwa nahodha wao. Kisha akakaa, akafunika uso kwa mikono miwili, na mama yake akampigapiga mgongoni. Mwamuzi aligawa kadi saba, moja moja, na kila aliyepewa alishukuru.

Bwana Loris, hapa naacha kujiita Azzam, nasema kwa kinywa changu. Kwa niaba ya stoo, dobi, jiko na lango, ahsante kwa miaka yote hii. Uende salama Rovigo, goti lako, ambalo halijawahi kuumia, likae hivyo hivyo, na mama asiogope ndege ya kurudi. Katika kumbukumbu za klabu umeandikiwa mechi mia mbili tisini na tisa. Hiyo moja nimekunyima mimi. Nisamehe, mwanangu.