Maji Yaliyopanda Jumatatu

Nashukuru kwa kunipa nafasi, watu wa Mungu. Wengi mnaniita Afande ingawa magwanda nilirudisha zamani. Kwetu ni magharibi, nikafanya kazi ya polisi kule Doldol miaka mingi, na nilipostaafu nikanunua ploti hapa nje ya Chaka kwa sababu moja tu: ilikuwa na kisima. Nilikipenda kile kisima kuliko nyumba yenyewe.

Halafu maji yakaanza kushuka. Ndoo ikawa inarudi na matope. Mke wangu akawa anabeba mitungi kutoka mtoni, na mgongo wake mnaujua. Mimi nikauliza swali la kazi yangu ya zamani: mwizi ni nani?

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuchunguza hata siku mbili. Jirani yangu wa chini ni mama mjane, simtaji jina. Alikuwa na mikaratusi kwenye mpaka wetu, anaikuza ajenge nyumba. Na huku kila mtu anajua mkaratusi hunywa maji kama ng'ombe. Kesi imeisha! Nikasimama hapa hapa kanisani wakati wa matangazo, nikasema kuna mtu anatunyima maji kwa sababu ya miti yake. Mligeuza shingo mkamwangalia. Wiki hiyo akaikata yote, bado myembamba, haifai hata kwa paa.

Tukangoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, maji yanashuka tu. Siku moja yule mama akaja akachungulia kisimani pamoja nami.

"Afande," akasema, "miti ilienda. Sasa maji iko wapi?"

Niliona aibu sana. Lakini pia, nisiwadanganye, lile swali lilinishika. Kweli, yako wapi?

Nikanunua daftari, nikaliita OB, kama kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kila asubuhi nateremsha kamba yenye jiwe, napima sehemu iliyolowa, naandika. Mke wangu akauliza kama niko sawa kichwani. Wiki ya tatu nikaona kitu. Jumatatu, maji juu. Jumatano yameshuka. Jumamosi, matope. Jumatatu tena, juu! Nikacheka peke yangu. Ati maji nayo yanapumzika Jumapili? Mti haujui Jumapili. Huku ni nani hufanya kazi siku sita, ya saba anapumzika?

Nikatulia na kamba mkononi, ndipo nikaisikia. Pampu ya kware, kule juu wanakochimba mawe ya kujenga. Tumeizoea mpaka hatuisikii. Walikuwa wamechimba wakapita kina cha maji ya ardhini, sasa wanayatoa ili wakata mawe wafanye kazi pakavu, wanayamwaga bondeni upande ule mwingine.

Kabla ya kwenda kware nilienda kwa jirani. Kumshika jambazi ni rahisi kuliko ile safari ya kwenda mlangoni pake. Akasoma OB ukurasa kwa ukurasa.

"Mimi uliniandika wapi hapa?"

"Haumo, mama."

"Eh. Uliniandika kwa kanisa. Basi enda unifute huko huko."

Nikaahidi. Tukapanda kware pamoja. Msimamizi alishangaa. Alisema aliwahi kufanya kazi nchi nyingine, mahali wanachimba makaa ya mawe chini ya ardhi, na huko pampu ikifanya kazi, visima vya majirani hukauka. Hakufikiria kwamba sisi tuko karibu hivyo. Tulirudi kwake mara nne, na mama ndiye alikuwa anaongea, mpaka msimamizi akakubali. Leo maji ya pampu yanakuja kwa bomba mpaka lile tangi la barabarani. Kisima changu bado kiko chini, lakini mke wangu hashuki mtoni.

Nawashukuru nyinyi mliochimba mtaro wa bomba, na mke wangu aliyevumilia kamba yangu. Funzo langu ni dogo: kabla hujamtaja mtu mbele ya watu, pima kwanza, na upime zaidi ya wiki moja.

Sasa nafuta. Mama, umeketi pale, nakuona. Hukutunyima maji hata tone. Mimi nilikosa, na nilikosa mbele ya hawa wote.

Na visiki vyake vimechipua, nendeni mkaone. Kila jioni navimwagia ndoo mbili kutoka kwa tangi, mimi mwenyewe, na mikaratusi inywe ishibe.