Fundi Chabani na Pikapu ya Njia ya Itaba

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo jikoni kidogo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi Chabani Hamissi. Fundi Chabani amefariki Muyinga Ijumaa iliyopita, na amezikwa huko huko Muyinga. Lakini alizaliwa Gitega, mtaa wa Musinzira, na yaliyompata yalimpata Gitega. Mlio na watoto wadogo, watoeni nje wakacheze. Habari hii si laini.

Tumeipata kwa watu wawili. Mmoja ni mjane wake, bi Zaituni. Wa pili ni dada yake, bi Kulthumu. Wote wawili wamekubali tuiseme.

Chabani alijifunza ufundi wa magari katika uwanja wa Mohamedjaffer, mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza vitambaa na vipuri pale Gitega. Siku nchi ilipopata uhuru, lori la Mohamedjaffer lilipambwa majani ya migomba, likajaa vijana wanaoimba, likachemka katikati ya umati. Vijana walitaka kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Chabani akawasukuma kwa kiwiko. Aliwaambia gari iliyopata joto haifokewi, inasubiriwa. Wakaimba palepale barabarani mpaka ikapoa. Ikawaka.

Mwaka huohuo wa uhuru, dada yake Kulthumu aliolewa. Chabani hakuwa na dada mwingine. Aliyemwoa ni Houssein, karani, mtu wa maneno mengi na kicheko. Houssein na Chabani walipendana sana. Akitoka kazini, Houssein alikuwa anakuja kukaa kwenye tairi kuukuu, anapiga soga huku shemeji yake yuko chini ya gari. Kwa kukaa hivyo, alijua mlio wa injini nzima na mlio wa injini mbovu.

Ukafika mwaka wa sabini na mbili. Wasikilizaji wapendwa, wenye umri wanaujua mwaka ule. Watu walikuwa wanachukuliwa makazini na majumbani, na hawarudi. Mwezi wa tano Houssein akachukuliwa kazini. Kulthumu akazunguka mji mzima akiuliza. Hakuna aliyemjibu.

Alasiri moja, wanaume wenye bunduki wakamfuata Chabani pale uwanjani. Hawakumpiga. Walimwambia achukue vifaa vyake tu. Wakampeleka nje ya mji, kwenye njia ya Itaba, ambako pikapu ilikuwa imesimama kando, boneti wazi, mvuke unatoka. Dereva alikuwa ameuzungusha ufunguo mpaka betri ikachoka. Nyuma, chini ya turubai, walilazwa watu waliofungwa mikono. Turubai lilikuwa fupi. Miguu yao ilikuwa nje.

Chabani akaanza kazi. Alimwambia bi Zaituni baadaye kwamba mikono ilianza yenyewe. Akatazama mpira wa maji, akaukuta umepasuka karibu na rejeta. Maji yote yameishia barabarani. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole. Oili ilikuwa safi, haijaingia maji. Basi ndani hakujapasuka kitu. Akachukua manivela, ile chuma ya kuzungushia injini kwa mkono, akaichomeka kwa mbele. Ilikuwa nzito kama imeshikwa na mtu upande wa pili. Akaegemea kwa uzito wake wote. Ikalegea kidogo, ikatoa mlio mdogo.

Hapo akajua. Injini ilikuwa hai. Ilibanwa na joto tu. Mpira ufungwe, maji yatiwe, ipoe, itawaka.

Na wakati ameinama vile, aliona kiatu kimoja kati ya miguu iliyotoka chini ya turubai. Kilikuwa cha kahawia, kisigino kimeshonwa upya kwa uzi mweupe. Uzi ule aliutia Chabani mwenyewe. Kilikuwa kiatu cha Houssein.

Wasikilizaji wapendwa, Chabani hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisimama, akafuta mikono, akamwambia mkubwa wao: "Imekufa, shefu. Pistoni zimeshikana. Hata ikipoa haitawaka."

Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu gari isiondoke. Labda wangeenda kutafuta nyingine. Labda wangekuja wengine wenye huruma. Mkubwa akamtazama, akatukana, akaanza kuwaambia watu wake warudi mjini kuomba gari.

Ndipo sauti ikatoka chini ya turubai.

"Shefu, huyo iko anakuongopea. Gari iko muzima, nimesikia manivela. Mi namujua, ni shemeji yangu. Mke wangu ni dada yake, Tumu, tunakaa Musinzira. Nimekusaidia, shefu. Nifungue."

Ilikuwa sauti ya Houssein.

Mkubwa hakumfungua Houssein. Alicheka. Akaamuru mpira ufungwe, maji yaletwe kutoka kijitoni. Wakakaa kivulini, wakavuta sigara, wakasubiri ipoe. Kisha akamwekea Chabani bunduki shingoni, akamwambia aizungushe manivela. Chabani akaizungusha. Injini ikawaka mara ya kwanza.

"Sasa we ndiye utaendesha," mkubwa akasema. "Si unaijua?"

Chabani akaendesha. Aliwaambia wakikimbiza gari itachemka tena, na safari hii alikuwa anasema kweli. Kwa hiyo alienda polepole, kilima baada ya kilima. Houssein alikuwa nyuma ya kichwa chake, anamwita jina, anamwambia amsamehe, anamwambia aseme neno kwa shefu. Chabani hakugeuka. Alisema neno kwa shefu, mara nyingi. Shefu alimwambia atazame barabara.

Walipofika kwenye bonde moja nyuma ya mikaratusi, wakamshusha. Wakamwambia arudi kwa mguu, na kesho awe kazini, kwa sababu magari ni mengi na mafundi ni wachache. Alikuwa bado hajafika barabarani aliposikia bunduki.

Kwa nini walimwacha hai? Ni hilo tu. Walimhitaji.

Chabani alienda moja kwa moja kwa dada yake. Akamwambia Houssein ameuawa, na kwamba yeye Chabani ndiye aliyeendesha gari. Akamwambia gari ilikuwa imeharibika, akaitazama, ikawaka. Ya katikati hakuyasema. Kulthumu alimwangalia mikono yake yenye oili.

"Ulikuwa na nyundo," akamwambia. "Ungeivunja."

Juma hilohilo Chabani akatoroka na mkewe Zaituni kwenda Muyinga, wale watu wasije wakamwita tena. Alimwomba Kulthumu waende wote. Kulthumu akakataa, akabaki Gitega na binti yake Pili, mtoto wa Houssein.

Wengi wenu kule Muyinga mnamkumbuka fundi Chabani wa karibu na soko. Mnakumbuka kwamba hakuwa anaendesha gari. Aliitengeneza, kisha mwenye gari ndiye aliyeijaribu, na fundi anasimama kando ya barabara anasikiliza. Lori likikwama mbali kule Buhinyuza, alipanda baisikeli na vifaa vyake mgongoni. Watu walimcheka kwa hilo. Naye alicheka nao.

Pili alipoolewa, Chabani na mkewe walisafiri hadi Gitega. Kulthumu akawapokea mlangoni, akapokea zawadi, akamkaribisha Zaituni ndani. Kisha akawaambia waandaji kwa sauti ya kusikika: "Huyu mwekeni nje na madereva." Chabani akala pilau na madereva. Akanawa, akashukuru, akaondoka. Njiani Zaituni alilia, akasema sasa inatosha, atamwambia Kulthumu kila kitu. Chabani akamkataza.

"Alinambia hivi," bi Zaituni alitueleza. "We Zaituni, ule mama wamemuchukulia bwana. Tumuachie hata sifa ya huyo bwana."

Zaituni akanyamaza. Alinyamaza mpaka Ijumaa iliyopita.

Fundi Chabani alikufa kwa kifua, kitandani kwake, baada ya sala ya mchana. Kulthumu, ambaye sasa ni mzee sana, aliletwa kutoka Gitega. Akaketi kwenye mkeka na wanawake wa msiba. Na pale mkekani, maiti haijatoka, akawaambia majirani kwamba ndugu yake ndiye aliyempeleka bwana wake machinjoni.

Zaituni akasema. Alisema yote, mbele ya watu wote: turubai, manivela, maneno ya Houssein moja moja.

Watu walidhani Kulthumu atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza kitu kimoja tu: Houssein alimtaja kwa jina gani? Zaituni akajibu, Tumu.

Wasikilizaji wapendwa, haya ni maneno ya bi Kulthumu mwenyewe, na ametuomba tusiyapunguze.

"Chabani alipokwisha niletea habari, kesho yake asubuhi wale watu walikuja kwangu. Wakabeba vyote. Walikuwa wanauliza, Tumu ni nani? Hilo jina ni Houssein peke yake aliniita, chumbani. Chabani hakulijua. Basi mi nilijua toka siku ile kwamba ni Houssein amenitaja. Lakini nilitaka awe Chabani. Chabani alikuwa hai, ningeweza kumuchukia."

Baada ya mazishi aliomba abaki Muyinga amsaidie mjane siku za eda. Zaituni alimpa maji ya kunywa, akamwitia gari ya kumrudisha Gitega, akafunga mlango.

Kwa bi Zaituni, watoto na wajukuu, na kwa mafundi wote wa Muyinga waliofundishwa na mikono ile, tunawapa pole. Mungu amlaze marehemu mahali pema. Nanyi mnaotusikiliza, kama kwenu kuna mtu mnayemlaumu na bado anapumua, nendeni leo mkamuulize ilikuwaje. Mkae mpaka amalize kusema.

Bi Kulthumu naye tulitaka kumpa pole, maana amefiwa na ndugu yake pekee. Ametukataza. Amesema pole hiyo si yake, tusiitaje. Basi, wasikilizaji wapendwa, tunaishia hapo.