Maneno Yaliyokaa Chini ya Unyayo

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Soli, alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na ghala la saruji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Bibi alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitanguliza miguu, na mkunga akasema, "Huyu ana haraka ya kwenda mahali."

Alianza shule Januari 1959 na kumaliza darasa la saba mwishoni mwa 1965. Alipenda hesabu na mwandiko wake ulisifiwa, lakini orodha ya waliochaguliwa kuendelea ilipobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, jina lake halikuwemo. Aliisoma mara tatu kutoka juu kwenda chini, na mara ya nne kutoka chini kwenda juu. Bibi akamshika mkono na kumwambia, "Twende, mwanangu. Hata ukiisoma mpaka jioni haitazaa jina."

Februari 1966 mjomba wake, aliyekuwa fundi viatu, alimchukua kwenye karakana yake ya mlango mmoja, kati ya duka la vitabu na ukuta wa posta. Alimchukua asije akanung'unika nyumbani, basi. Kazi yake ilikuwa kupaka uzi nta na kung'oa misumari iliyopinda. Katika wiki ya sita alifungua kiatu cheusi cha muuguzi mmoja, akakuta soli imetoboka na tundu limezibwa kwa kipande cha jalada la daftari kilichokunjwa. Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono: "Kesho nitakuja tena." Alikiweka mfukoni. Siku hiyo alikuwa ameamua kumwambia mjomba kwamba hataki tena kazi ya kunusa miguu ya watu. Kesho yake alifika kabla mlango haujafunguliwa.

Muuguzi alipokuja kuchukua viatu, Mama akamuuliza habari ya maneno yale. Yule muuguzi akacheka mpaka akashika meza. "Hayo? Nilimwandikia muuza maziwa, sikumkuta kwake! Kabla sijayaacha akatokea, nikarudi nayo, nikazibia tundu." Mama naye alicheka, lakini karatasi hakuirudisha. Alituambia mara nyingi, "Muuza maziwa hakuyahitaji. Mimi niliyahitaji."

Ndivyo ilivyoanza desturi yake. Kila kiatu cha kushoto kilichopita mikononi mwake, kabla hajagandisha soli ya ndani, aliigeuza na kuandika kwa penseli neno fupi la kumtia mtu moyo. Hakumwambia mwenye kiatu. Alisema neno likikaa ukutani macho hulizoea, ila likikaa chini ya unyayo linakubeba hata kama hulijui. Mjomba alilalamika, "Hapa tunatengeneza viatu au tunatuma barua?" Lakini alipofariki mwaka 1978 alimwachia Mama karakana, na ndani ya kiatu chake mwenyewe kulikutwa, kwa mwandiko wa Mama, "Umeshafika mbali kuliko jana." Alikuwa amekivaa miaka minne.

Mengine tunayoyakumbuka ni "Anza na mguu unaouma," na "Kaza uzi, legeza roho," na lile fupi kuliko yote, "Simama kwanza." Waliokuwa wakiyasoma zaidi ni mafundi wenzake, kwa sababu wao ndio waliofungua viatu vilivyochakaa. Fundi mmoja wa sokoni alikuja siku moja na kofia mkononi. "Mama Soli, wiki hii sijafungua kiatu chako hata kimoja, na kazi imelala. Nipe basi hata moja la mdomo." Mama akamjibu, "Nenda kafagie mlango wako." Yule fundi akatoka ameridhika, akidhani hilo nalo ni neno. Mama alisema alikuwa ameuona mlango wake, ulikuwa mchafu kweli.

Tarehe 11 Agosti 1973 alifunga ndoa na baba yetu, karani wa posta, aliyeleta kiatu kile kile mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya tatu Mjomba aliuliza kwa sauti, "Kijana huyu anatembelea kisigino kimoja?" Walijaliwa watoto wanne. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, inanuka gundi na chai, na mlangoni kulikuwa na rafu ya viatu aliyoitengeneza Baba. Mama hakuruhusu kiatu kipite rafu hiyo, chake wala cha mgeni. Ndani alitembea pekupeku. "Miguu nayo ijue kwamba imefika," alisema. Baba alimtangulia tarehe 2 Mei 2009.

Mama asingependa tuseme mazuri tu, kwa hiyo tunaeleza na hili, kwa ruhusa ya kaka yetu mkubwa.

Juni 2017 kiwanda cha uzi alichofanyia kazi kaka huyo miaka kumi na tisa kilifunga geti asubuhi moja bila kuwaambia wafanyakazi. Alikuja karakana mchana, amevaa bado nguo za kazi, akaketi kwenye kigoda cha wateja na kuanza kueleza. Mama alikuwa anashona. Bila kuinua kichwa akamwambia, "Anza na mguu unaouma, mwanangu."

Kaka aliinuka kwenye kigoda. Kisha akasema, "Mama, mimi si kiatu." Akaondoka, na kwa miaka sita na nusu hakukanyaga nyumbani.

Sisi tulidhani Mama ataacha kuandika. Hakuacha, ila kazi yake ilibadilika. Tangu wiki ile, kabla hajachukua kiatu cha mtu, aliweka sindano chini, akamtazama mwenyewe usoni na kuuliza, "Unaenda wapi na viatu hivi?" Kisha alisikiliza jibu, hata likiwa refu, hata foleni ikifika posta. Mteja mmoja mzoefu alimtania, "Mama Soli, siku hizi umekuwa polisi?" Akajibu, "Hapana, mjukuu wangu. Nimekuwa mwanafunzi." Mara nyingine baada ya kusikiliza hakuandika chochote. Alikuwa na miaka sitini na sita alipojifunza hilo, na hakuona haya kusema kwamba alichelewa.

Septemba 2023 madaktari waligundua figo zake zimechoka. Wakati huo alikuwa ameanza kushona jozi moja ya viatu vya kahawia, namba arobaini na tatu, ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Cha kulia kilikamilika. Cha kushoto kilibaki wazi. Kila tulipomuuliza alisema neno lake bado halijapatikana. Alipolazwa, kila mgeni aliyeingia wodini alimfanya ageuke kutazama mlango.

Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, aliyeingia alikuwa kaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe."

"Mimi nina sababu. Kaa."

Akakaa. Mama akamwambia, "Nieleze ile siku ya geti." Kaka akaeleza kuanzia saa nane mchana mpaka muda wa wageni ukaisha, na Mama hakusema ila "Eeh," na "Ikawaje?" Sisi wengine tulisubiri neno lake. Halikuja.

Kesho yake aliomba tumletee viatu, gundi na penseli. Akageuza soli ya ndani ya kile cha kushoto, akashika penseli, akamtazama mwanawe. "Unaenda wapi na viatu hivi?"

"Siendi popote, Mama."

Mama akaiweka penseli juu ya shuka. Akapaka gundi, akaingiza ile soli tupu mahali pake, akamkabidhi kiatu. "Bana kwa mikono yako mpaka ishike." Kaka alikibana kifuani jioni nzima, kama mtu aliyebeba mtoto.

Mama yetu alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa moja kasorobo, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, sote wanne tukiwepo. Ile karatasi ya muuguzi, ambayo sasa imekuwa laini kama kitambaa, tulimwekea mkononi.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mlango mmoja kati ya duka la vitabu na ukuta wa posta, ambao kuanzia mwezi ujao utafunguliwa na kaka. Leo amembeba mama yake akiwa amevaa viatu vya kahawia. Na ninyi mliosimama hapa, huenda wengi wenu mmesimama juu ya neno lake bila kujua. Msilifukue. Litawafaa hapo hapo lilipo.

Mama amefika. Amevua viatu. Apumzike kwa amani.