Bi. Verna Tiedemann na Chombo Alichokikataa

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Bi. Verna Tiedemann anastaafu kutoka Nyumba ya Mnada ya Haverkamp, hapa Honesdale, baada ya kututumikia miaka thelathini na minane na karibu miezi minne. Alianza Jumatatu tarehe 3 Machi 1986 akiwa karani wa kubandika namba kwenye bidhaa. Anaondoka akiwa mkuu wa idara ya vioo vya kukatwa nakshi, idara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa yeye, meza moja na taa.

Alipoambiwa kwamba ataandikiwa wasifu alitoa sharti moja. "Andikeni na habari ya Fassett," alisema. "Msipoiandika, msiandike kitu, na keki mle wenyewe." Keki ilikuwa imeshaagizwa, kwa hiyo tumetii.

Bi. Verna ni mzaliwa wa hapa hapa. Babu yake alikuwa mkata vioo enzi zile ambapo magurudumu ya mawe yalizunguka katika nusu ya majengo ya mji huu. Baba yake aliuza viatu, na mwenyewe husema kizazi kimoja kilipumzika ili yeye asichoke. Ukimletea glasi ya mguu, ya mvinyo au ya maji, hakusemeshi. Kwanza anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote kutafuta pengo. Kisha anaigonga kwa ukucha na kuisikiliza inavyolia. Mwisho anaipindua na kuhema juu ya kitako chake, maana viwanda vya zamani vilipiga alama zao kwa tindikali, hafifu sana, na alama haijitokezi mpaka ipate ukungu wa pumzi.

Desturi hiyo ilituponza mwaka 1994. Tulikuwa tumeajiri mlinzi mpya kutoka Scranton, na siku yake ya kwanza akawakuta wazee sita wenye heshima zao wameinamia meza, wanapumulia glasi kwa macho ya kusinzia. Akapiga simu polisi akasema kuna watu wanabusu mali ya watu. Askari alikuja, akaelezwa, naye akahema juu ya glasi moja kwa udadisi. Leo ana kabati zima nyumbani, na mkewe hajatusamehe.

Wageni wa mnada wanamjua zaidi kwa sheria ya sanduku. Kioo kilichosafiri kwenye gari wakati wa baridi hakifunguliwi siku hiyo. Kinakaa ndani ya sanduku lake, sakafuni, mpaka kipate joto la chumba polepole. Dereva wetu mmoja, ambaye jina lake tunalificha kwa sababu bado tunamhitaji, Januari ya 1991 alifungua glasi kumi na mbili zilizotoka kwenye theluji akaziosha kwa maji ya moto ili azipendezeshe. Ya kwanza ikalia ta! ikapasuka katikati. Bi. Verna hakumgombeza. Alimkalisha mbele ya zile kumi na moja zilizobaki, akamwambia azihesabu mpaka saa ya kutoka. Tajiri mmoja kutoka Ohio alipiga kelele kwamba hawezi kusubiri siku nzima kuona alichokuja kuona. Alijibiwa kwamba kioo kimesubiri miaka mia moja na hakijalalamika, na akasubiri kama wengine.

Anaacha pia mambo yanayoonekana. Kadi za nakshi zaidi ya elfu tisa, kila moja na picha yake, zimepangwa kwa mwandiko wake. Darasa la bure la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti limefundisha watu wasiopungua mia nne kutofautisha kioo kilichokatwa kwa mkono na kile kilichomiminwa kwenye kalibu. Wakusanyaji wa Texas na Oregon walikuwa wakinunua kioo kwa simu bila kukiona, kwa sababu tu Verna ameshakiona. Jicho lake ndilo lililokuwa dhamana ya nyumba hii.

Na sasa Fassett.

Oktoba 1999, siku ya kupima mali za watu bure, ukumbi ukiwa umefurika, alikuja Orrin Fassett, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na chombo cha maua kirefu kama mkono, amekifunga kwenye taulo la kukamulia. Alisema kilikatwa na babu yake Amos, akapewa zawadi siku alipoachishwa kazi kiwandani. Bi. Verna aliwasha taa yake ya zambarau. Kioo cha kale cha nchi hii huwaka kijani cha ndimu chini ya taa hiyo, na kipya huwaka waridi. Kile kikawaka waridi. Alikuwa amechoka, na foleni ilikuwa ndefu. "Hiki kimekatwa juzi, bwana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Kuna mtu aliuuzia ukoo wako hadithi." Watu wakacheka. Orrin alikifunga chombo chake akaondoka bila kuaga. Kwa miaka mingi, kwenye duka la chakula cha mifugo, alikuwa akiulizwa, "Vipi Orrin, babu bado anakata?"

Miaka ishirini na miwili ikapita. Januari 2022, mjukuu wa msimamizi wa kiwanda kile alituletea daftari la michoro la babu yake. Bi. Verna alikuwa akilipekua huku akila sandwichi, akaiweka chini. Majira ya baridi ya 1907 tanuru la hapa liliharibika, kiwanda kikanunua vioo visivyokatwa kutoka ng'ambo, vya mchanganyiko tofauti, ule unaowaka waridi. Vyombo vya maua kumi na sita vilikatwa kutokana na vioo hivyo. Mchoro ulikuwepo, nyota kubwa ya ncha ishirini na nne aliyoikumbuka mara moja. Kando yake iliandikwa kwa penseli: A. Fassett.

Taa haikudanganya, ila yeye aliiuliza swali moja tu akaridhika. Siku hiyo hakufanya kazi tena. Mzee Haverkamp, mwenye nyumba hii ya mnada, alijaribu kumtuliza kwa nia njema, na kwa hofu pia, maana wateja wakijua Verna alikosea moja wataanza kuuliza mengine. "Maji yakimwagika hayazoleki, Verna," alimwambia. "Hayazoleki," akajibu, "lakini sakafu inapigwa deki."

Jumapili iliyofuata aliendesha gari mpaka shambani, daftari kifuani. Orrin, wakati huo ana miaka themanini na sita, alifungua mlango, akamtazama.

"Umekuja na taa yako?"

"Nimekuja na aibu yangu."

"Basi ingia. Hiyo haihitaji umeme."

Chombo kilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Bi. Verna alipokiona alilia. Wakusanyaji hawatii maji kwenye kioo cha namna hiyo, maana maji yakilala ndani hukila, kikabaki na ukungu mweupe usiotoka. Sisi husema kioo kimeugua. Cha Amos Fassett kilikuwa kimeugua kuanzia kitako mpaka nusu ya urefu wake. Kilipokataliwa kiligeuka chombo cha kila siku, na uharibifu ule ulikuwa wa Bi. Verna zaidi kuliko wa maji. Alisoma daftari kwa sauti, akaomba radhi. Orrin alisikiliza, akamtilia kahawa. Hakutaka kukiuza wala kulipwa. Alitaka kitu kimoja tu: Bi. Verna alilolisema mbele ya watu alitengue mbele ya watu, ukumbini, mahali pale pale, ili babu yake atoke kwenye mdomo wa duka la mifugo.

Mnada wa Mei 2022 ulikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na wengine kumi na tisa kwenye simu. Mzee Haverkamp alikuwa mweupe kama shati. Kabla ya bidhaa ya kwanza Bi. Verna alipanda jukwaani, bila miwani, akasema hivi: "Mwaka 1999, hapa, nilimwambia Bwana Fassett kwamba chombo chake ni cha uongo. Ni cha kweli. Kilikatwa na Amos Fassett, kwa mkono wake, na mkono wake ulikuwa bora kuliko jicho langu. Nyinyi mliocheka mlicheka kwa sababu yangu." Sisi tuliokuwa nyuma tulijua miaka yake yote ya kazi iko mezani.

Orrin alisimama taratibu, akavua kofia. "Nimekusikia, Verna. Nami nina langu. Ungesema ni cha kweli siku ile, ningekifungia kabatini. Kwa kuwa ulisema ni takataka, nilimwekea mke wangu Wilma maua humo kila Jumamosi, miaka ishirini na mmoja, mpaka Jumamosi yake ya mwisho. Sikudai kitu." Akavaa kofia, akaketi. Kisha akauliza kama mnada utaanza leo au kesho.

Mnada ulianza. Hakuna mteja hata mmoja aliyetuhama, na darasa la Jumamosi lilijaa mpaka tukaazima viti. Tangu hapo Bi. Verna hamjibu mtu kabla ya kumuuliza kitu hicho kimetoka kwa nani, na hulisikiliza jibu mpaka mwisho.

Leo asubuhi Bwana Fassett ametuma waridi kutoka bustani ya Wilma. Tulianza kutafuta ndoo. Bi. Verna alitoka akaenda kwake, akarudi na chombo bora kuliko vyote arobaini na vitatu vya kabati lake la nyumbani, ambacho hakijawahi kuguswa na tone. Akakijaza maji bombani mbele yetu sote.

Verna, ahsante kwa jicho lako, na ahsante zaidi kwa siku ile ya Mei. Uende salama, uishi miaka mingi, na kabati lako lisifungwe tena.

Curtis Wojcik, dalali, kwa niaba ya wafanyakazi wote