Historia ya Godelive Uyirwoth na Blanketi Lake la Viraka

Baba Padri, wazee wa familia zote mbili, majirani wa Bankoko, mafundi wenzake wa sokoni, nanyi mliolala njiani kutoka Mahagi ili muwahi hapa, familia imemtuma Isidore huyu aliyesimama mbele yenu, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kabla ya familia marehemu mwenyewe alikwisha kumtuma, akitaka kila jambo lisemwe na tarehe yake, kwa hiyo atakayeona maneno haya ni makali ajue hayakutungwa jana.

Dada yetu Godelive Uyirwoth alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Mahagi-Port, mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiuza samaki wakavu na mama yake akilima mihogo, akabatizwa kwa jina hilo la Godelive ambalo mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kikristo, liliondolewa kwenye kitambulisho chake, ila vinywani mwetu halikuondoka hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi kwa masista huko Mahagi kuanzia 1953 hadi 1959, kisha akafanya miaka mitatu ya ushonaji, ambako alifundishwa kukata, kupiga pindo, kugeuza kola iliyochakaa ili upande mzima utoke nje, na kutotupa kitambaa chochote kinachofikia ukubwa wa kiganja, fundisho ambalo wenzake walilisahau siku ya kupewa cheti, naye akaishi nalo.

Mwaka 1965 alikuja Bunia, akashona kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, na duka lilipobadilisha mwenyewe mwaka 1974 na rafu zake kubaki tupu, alihamisha mashini yake hadi nyumbani Bankoko, akaendelea na sare za shule, nguo za komunyo na magauni ya arusi kwa miaka kumi na mitatu, na nusu ya wanawake walioketi hapa wamevaa kazi ya mikono yake.

Tarehe 22 Julai 1967 alifunga ndoa na Étienne Kamate, dereva wa lori, mtu mpole aliyependa mashati ya mistari, Mungu akawapa watoto wawili, Claudine aliyezaliwa 1969, ambaye mnamwona pale karibu na jeneza, na Julien aliyezaliwa Agosti 1971, ambaye surua ilimchukua tarehe 17 Mei 1975 kabla hajatimiza miaka minne. Shati la njano la mtoto huyo, lile la Noeli, mama yake alilikunja akaliweka chini kabisa katika sanduku la bati, chini ya nguo za baba yake.

Tarehe 9 Septemba 1978 lori la Étienne lilipinduka kati ya Komanda na Niania, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara alizikwa kulekule kando ya njia, na mjane wake hakujaliwa kuliona kaburi hilo mpaka naye amekufa, alichobaki nacho cha mumewe kilikuwa lile sanduku tu. Matanga yalipokwisha, kaka mkubwa wa Étienne, Bwana Fulgence aliyeketi mstari wa mbele, alifika na wadogo zake wawili kugawana nguo za marehemu, na desturi hiyo hatuipingi, hata kwetu nguo za marehemu hugawanywa, lakini kwetu mjane huachiwa kwanza achague moja, na mtu mwenye utu haondoki na sanduku zima lenye shati la mtoto ndani yake. Dada yetu alipiga magoti, tunarudia ili wa nyuma nao wasikie, alipiga magoti akiomba shati la Julien, Bwana Fulgence akamjibu, "Kila kitu ya Kamate iko ya famii, weye ulikuyaka hapa na mikono tu," yaani alikuja mikono mitupu. Shati lile alikuja kuliona Januari 1979, njiani, limevaliwa na mtoto wa Bwana Fulgence, vifungo vimekatika, na siku hiyo hakushona, alikaa mbele ya mashini mikono imelala mapajani hadi jua likazama.

Lakini nguo huchakaa, nyakati zikawa ngumu, shati jipya likawa la kuota, na walewale waliobeba sanduku wakakumbuka kwamba Bankoko nzima hakuna anayegeuza kola kama mjane wa ndugu yao, wakamletea nguo zilezile azitengeneze, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. La kwanza kuletwa lilikuwa lile la njano, tarehe 6 Machi 1979, dada yetu akasema kwa upole, "Acha tu hapo, shemeki, nitaitengeneza muzuri," akatia vifungo vinne vipya, akakata kipande cha kiganja kwenye upindo wa chini, akaziba kwa kitambaa kinachofanana. Tarehe 20 Juni 1980 alikata mkia wa shati la mistari ya buluu, ule unaofichwa ndani ya suruali, tarehe 11 Februari 1981 mkia wa shati la kijani ambalo Étienne alilivaa siku ya komunyo ya Claudine, Oktoba 1982 mfuko wa suruali ya kazi, ambao mpaka leo unanuka mazuti ya lori, na tarehe 2 Agosti 1984 bitana ya mkono wa kushoto wa abakosti nyeusi, koti lile la heshima lisilovaliwa na tai. Kila nguo ilirudi kwa aliyeileta ikiwa nzima kuliko ilivyokuja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigeuza aangalie ndani.

Haba na haba, vipande hivyo aliviunganisha na kitenge cha mama yake na gauni lake la arusi, likawa blanketi, na Claudine, ambaye baba yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa, alimjua baba yake humo, kidole cha mama yake kikimwonyesha hapa ni komunyo yako, hapa ni safari za Niania, hapa ni Julien.

Alianza kukohoa Aprili 1986, akalazwa mara mbili, akatuaga Alhamisi tarehe 12 Novemba 1987, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mmoja, na Claudine akamfunika kwa blanketi lake. Bwana Fulgence alipokuja kutoa pole aliitambua ile mistari ya buluu, na jana Ijumaa akarudi na wadogo zake, wakachukua makasi mezani pa marehemu, makasi yake mwenyewe, ili walikate blanketi vipande vitatu, kila ndugu chake, wakisema aliyelishona alikuwa mwizi. Claudine alilivuta akajifunika, na hajalivua tangu jana, amekesha nalo, amejifunika nalo hapa mbele yenu, na aliyemtisha ni baba yake mkubwa. Dada yetu aliliona hili likija, ndiyo maana alisema kitandani, "Andika yote na tarehe, Isidore, basiseme niliiba. Mimi nilikata ya kiganja, bao balibeba sanduku," maana yake yeye alikata vipande vya kiganja tu, wao walibeba sanduku zima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuchotea maji na kutupikia siku tatu hizi, na mafundi wa soko waliofunga mashini zao leo. Tunamshukuru pia Bwana Fulgence, ambaye amekuja kumzika dada yetu akiwa amevaa abakosti ileile, na kama anabisha tarehe tulizozisoma, na augeuze mkono wake wa kushoto, humo ndani kuanzia kiwikoni atakuta pazia la jikoni la marehemu, la maua mekundu, ambalo amelivaa miaka mitatu bila kujua.

Anayedai kipande chake asimame sasa, kabla udongo haujaanguka, aende akakifumue mabegani mwa yatima huyu kwa mkono wake, sisi sote tukimtazama, na asiyesimama leo asije kudai kesho. Godelive, pumzika kwa amani, kazi yako imesomwa yote na tarehe zake, Claudine amelivaa blanketi lako, na sisi tuko macho.