Evalyne Munyiva na Geji za Presha Ndogo

Tunamuaga leo Evalyne Munyiva, mtoto wa pili wa Mzee Musila na Mama Ndulu, aliyezaliwa Mashuuru tarehe 14 Machi 1966, akasoma shule ya msingi huko huko na sekondari Machakos, kisha akapata diploma ya vipimo vya viwandani jijini Nairobi mwaka 1988.

Aprili 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae Kitengela, kazi yake ikiwa kuchagua na kutunza geji, yaani vipimo vya presha, na tarehe 12 Desemba 1992 akafunga ndoa na Kyule, mwalimu wa fizikia, wakajaliwa Phylis na Musila.

Agosti 1997 kiwanda kilipata tanuri jipya la gesi, na Bwana Katoo wa ununuzi akaleta geji kubwa, imara, ya kupima presha hadi bari kumi, ilhali gesi ya tanuri haikufika hata sehemu ya kumi ya bari moja, hivyo mshale ulilala kwenye sufuri, gesi iwepo isiwepo. Munyiva alikataa kuidhinisha tanuri liwashwe, akaomba geji yenye kibati chembamba ndani kinachofura kwa presha hafifu, ambayo mshale wake ungesimama karibu na katikati kazi ikiendelea. Tanuri lilikaa baridi juma zima, wakubwa wakanuna, na Katoo akamtania, "Mama Phylis, kwani unataka mshale ucheze densi?" naye akajibu, "Ucheze kidogo tu, Bwana Katoo, ndio anayewasha ajue."

Geji hiyo ilipowekwa, valvu zote zikiwa zimefungwa, mshale ulianza kupanda polepole, wakajua valvu ya kwanza inavujisha gesi kuelekea tanuri, na kwamba kwa geji ile ya kwanza wasingejua, na kiberiti kimoja kingewamaliza wote waliosimama pale, Katoo akiwa wa mbele. Munyiva alimsimulia Kyule kisa hicho akisonga ugali, kana kwamba anasimulia habari za mvua, na Kyule ndiye aliyeshindwa kula.

Aliugua saratani ya kongosho kuanzia Oktoba 2006, akaaga dunia nyumbani Kitengela, bila maumivu, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2007, akiwa ameridhika na maisha yake na kusema hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Mama Hibaq aliyetupikia, Bwana Katoo na wafanyakazi wenzake waliofika, na zaidi wale wawili waliobaki zamu leo kulinda tanuri, kwa kuwa Munyiva asingekubali liachwe peke yake, hata kwa ajili yake.

Pumzika sasa, Mama Phylis, kwa amani, wenzako wako macho.